Ubeti wa Safu ya Nyuma

Scholastique hakuwa mtu wa kukata tamaa upesi, lakini ile sifuri ilikuwa imeanza kumkera. Kila asubuhi, kabla hata ya kuwasha makaa, alifungua blogu yake kwenye simu na kushuka mpaka chini ya ukurasa, pale Débora alipoweka vitufe vya kushirikisha. Vilikuwa vinne, vimepangwa vizuri, kila kimoja na alama yake, na pembeni namba ya kuonyesha watu wangapi wamekibonyeza. Vyote vinne vilikuwa na sifuri. Hata jirani aliyeahidi kubonyeza hakuwa amebonyeza, na ahadi hiyo aliitoa mlangoni pa kanisa akiwa na Biblia mkononi.

Débora alikuwa binti wa kaka yake, mwanafunzi wa informatique, elimu ya kompyuta, na ndiye aliyemfungulia blogu hiyo. Scholastique alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Djugu, si mbali na Nizi, mpaka siku vijiji vilipokimbia vita na kila mtu akashika njia yake. Yake ilimfikisha mji wa Bunia, mtaa wa Rwambuzi, nyumbani kwa kaka yake. Mwalimu asiye na darasa hubaki na maneno mengi tumboni, na Débora akampa mahali pa kuyamwaga. Aliandika juu ya kilima chao: mtama wao, chemchemi yao, mbuzi wa katekista aliyekula maua ya bibi harusi. Hizo zote aliziandika kwa raha. Habari ya mwisho aliiandika kwa sababu ilimbana.

Ilihusu wimbo. Kwaya ya akina mama wa kilima chao ilikuwa na wimbo wa mavuno, uliotungwa kwa lugha ya nyumbani na mwalimu wao wa kwaya, marehemu Gustave. Ulikuwa na beti tatu: wa kupanda, wa kupalilia na wa kuvuna. Gustave hakuandika hata neno moja, na alikuwa na sheria ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja. Safu ya mbele ilifundishwa ubeti wa mbegu peke yake, safu ya kati ubeti wa palizi, safu ya nyuma ubeti wa mavuno, na safu moja ikijifunza, nyingine zilifukuzwa kama kuku. Siku ya ibada, safu moja ikiimba, nyingine zilipiga ngoma na vigelegele mpaka maneno yanazama. Aliyejaribu kudokoa maneno ya safu nyingine alichekwa mwaka mzima. Ubeti wa safu hautoki nje ya safu, ndivyo Gustave alivyosema, na akikasirika hata padre alinyamaza.

Sasa kanisa la Rwambuzi lilikuwa limewaomba akina mama waliotoka Djugu waimbe kwenye Sikukuu ya Mavuno. Scholastique alikuwa wa safu ya mbele. Rebecca, aliyekuwa anaishi katika site, yaani kambi ya wakimbizi wa ndani, alikuwa wa safu ya kati. Safu ya nyuma nzima iliteremka upande wa ziwa na haikusikika tena. Kuimba mbele ya watu wimbo wa mavuno unaoishia kwenye palizi lilikuwa jambo la aibu, lakini si aibu iliyomnyima usingizi. Kama safu ya nyuma imepotea, wimbo umekufa, na Scholastique aliona kwamba kilima chenyewe kitakuwa kimekufa pamoja nao. Kwa hiyo aliandika habari ya kwaya kuanzia mwanzo, na mwishoni akauliza: safu ya nyuma, mko wapi? Tunaomba ubeti wenu. Akaweka namba yake ya simu.

"Débora," aliita asubuhi ile, "hii bouton ya bleu iko ya nini?"

"Iko ya Facebook, Tantine."

"Na hii ingine ya bleu?"

"LinkedIn. Ile iko ya batu benye kutafuta kazi."

"Estelle haiko natafuta kazi," alisema Scholastique. Estelle ndiye aliyekuwa akiongoza safu ya nyuma, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamsha mtaa. "Estelle iko natafuta samaki, kama iko muzima."

Débora aliinamia simu. Vitufe hivyo alikuwa amevifanyia kazi siku nzima, akiiga blogu za Kinshasa na za Paris, na yeye pia ile sifuri ilimuuma.

Jumamosi, Rebecca alikuja kuwasalimia, akakaa barazani, akanywa chai yake yote ndipo akatoa habari. Rebecca hakuwahi kutoa habari kabla chai haijaisha.

"Scola, ile habari yako ya kwaya, siye wote mu site tumeisoma. Batu wamecheka, wamelia."

Scholastique aliweka kikombe chini. "Mumeisoma? Mu nini?"

Rebecca akamwonyesha simu yake. Ilikuwa picha. Mtu fulani alikuwa amepiga picha kioo cha simu yenye blogu, na mwingine akaipiga picha hiyo picha, kwa sababu dole gumba la mtu lilionekana kwenye kona na chini yake kipande cha sahani ya maharagwe. Maneno yalisomeka kwa shida. Yaliishia katikati, pale Gustave alipowafukuza akina mama wa safu ya kati. Swali la mwisho halikuwepo, wala namba ya simu.

"Inaishia pale Gustave anakasirika," alisema Rebecca. "Tulifikiri njo mwisho. Iko mwisho muzuri tu."

Scholastique hakujua acheke au alie, akafanya yote mawili kidogo. Habari yake ilikuwa imetembea kote, imefika mpaka kwa watu asiowajua, ila ilitembea bila kichwa wala miguu.

"Lakini Mama Rebecca, ju ya nini hamukubonyeza bouton?" aliuliza Débora, na sauti yake ilikuwa na kilio ndani.

"Mwanangu, mimi niko na forfait, ile bando ya WhatsApp tu. Kule mu site, wote vile. Ile ingine yako haifunguke."

Débora aliinamisha kichwa. "WhatsApp sikuiweka," alisema polepole. "Bablog ya Paris haiwekake WhatsApp. Nilifanya kama bo, bale ba Paris."

"Paris hawatafute Estelle," alisema Scholastique, lakini alimshika bega.

Débora akaleta kompyuta, akaketi kwenye ngazi ya mlango. Aliviondoa vitufe vyote vinne, pamoja na sifuri zao, akaweka kimoja cha kijani, kikubwa, ambacho hata mwenye macho mabovu angekiona. Kisha akafanya jambo ambalo hakuliona kwenye blogu ya mtu yeyote. Kitufe hakikubeba anwani ya ukurasa peke yake. Kilibeba swali lenyewe na namba ya simu, ili asiyeweza kufungua ukurasa alikute swali ndani ya ujumbe. Scholastique akabonyeza wa kwanza na kumtumia Rebecca, na Rebecca, palepale barazani, akalituma kwa site nzima.

Wiki haikuisha. Rebecca alikuwa amekuja tena, chai ikiwa bado nusu, simu ya Scholastique ilipolia. Ilikuwa namba asiyoijua, na ujumbe wa sauti. Aliubonyeza. Kwanza walisikia injini ya mtumbwi na wanawake wakibishana bei ya samaki. Kisha mtu akawaambia wanyamaze, na safu ya nyuma ikaanza kuimba.

Hawakuwa wengi, lakini Estelle alikuwamo, hiyo haikuhitaji kuulizwa. Waliimba ubeti wa mavuno wote, neno kwa neno, bila ngoma ya kuufunika. Scholastique alikuwa hajawahi kuusikia wazi hivyo maisha yake yote. Rebecca alijifunika uso kwa kitenge. Wimbo ulipokwisha, Estelle akasema:

"Scola, siye tuko hapa Mahagi-Port, pembeni ya ziwa. Tuko bazima. Kila mwaka tunaimba mavuno, batoto wetu wanatuuliza: munavuna nini, na nani alipanda? Hatuna ya kuwajibu. Umetuomba ubeti wetu, njo huu. Na weye? Mbegu iko wapi?"

Scholastique aliwaza maandishi yake marefu, kila kitu alichokisimulia na kile ambacho hakukiandika. Ubeti wa mbegu hakuuweka kwenye blogu. Haukumpitia hata akilini, kwa kuwa ubeti wa safu hautoki nje ya safu.

"Gustave angekasirika," alisema.

"Mukono mutupu haulambwe," alisema Rebecca. "Na Gustave alitugawa vile ju tusiachane, haiko ju tukufe kila mutu na kipande chake."

Scholastique alishika simu karibu na mdomo, akabonyeza alama ya kipaza sauti na kuimba ubeti wa kupanda. Katikati ya mstari wa pili machozi yalimkaba, akakohoa mara mbili, akaendelea mpaka mwisho. Débora akamuuliza kama anataka kurudia vizuri. Akakataa, akautuma na kikohozi chake.

Jibu lilikuja kabla Rebecca hajamaliza kikombe cha tatu. Safari hii zilikuwa sauti za watoto, wengi, wanapigana vikumbo mbele ya simu. Walikuwa wanaimba ubeti wa mbegu. Walipofika katikati ya mstari wa pili, wote kwa pamoja wakakohoa mara mbili, kisha wakaendelea.