Beki wa Kutoka Amani

Sabiri aliondolewa ukocha mazoezi yakiwa yanaendelea. Mkuu wa chuo, Bi Leticia, alikuja mwenyewe hadi kando ya uwanja, visigino vya viatu vyake vikizama mchangani, akamwita pembeni.

"Mwalimu, tumefungwa fainali ya vyuo mwaka jana, na mwaka huu tena," alisema. "Bodi imeamua. Jumatatu anakuja kocha Rahimu kutoka Dar es Salaam."

"Na wasichana wangu?"

"Wasichana ni wa chuo, mwalimu."

Sabiri alirudi uwanjani akamalizia mazoezi. Wachezaji walijua kuna jambo, maana jioni ile hakumfokea mtu.

Kati yao wote, aliyemkaa rohoni ni Ruthi. Huyo Sabiri alimfuata mwenyewe hadi Amani, kule milimani, aliposikia kuna binti mrefu anayecheza na wavulana kwenye kiwanja cha shamba la chai. Alimkuta peku, ametulia nyuma bila papara, na kila mpira uliopita upande wake ukaishia miguuni mwake. Baba yake, mzee Noa, alikataa katakata. Ruthi alikuwa amekwisha kupata nafasi chuo cha uuguzi.

"Uuguzi ni kazi," Noa alisema. "Mpira ni kitu gani?"

Sabiri alikaa kibarazani pale tangu adhuhuri hadi ukungu ukashuka kwenye michai. Alieleza kuwa chuo chake kule Raskazone, mjini pwani, kitamsomesha binti, kitamlaza, kitamlisha, na akimaliza atakuwa na cheti mkononi na mpira mguuni. Mwisho likamtoka neno ambalo hakuwa amelipanga: "Baba Ruthi, huko chini mimi ndiye nitakayekuwa mzazi wake." Noa alimtazama mkewe, mkewe akainama. Nafasi ya uuguzi ikachukuliwa na mtu mwingine.

Rahimu hakuwa mtu mbaya. Alimpa Sabiri mkono, akamsifu kwa nidhamu ya timu. Lakini alikuja na mabeki wake, wasichana aliowalea tangu wadogo. Ruthi akawekwa benchi, kisha akawa anatazama mechi kutoka jukwaani, kisha akaachwa kabisa. Na aliyeachwa na timu hakuwa na kitanda hosteli wala wa kumlipia ada.

Akabisha hodi nyumbani kwa Sabiri, Chumbageni, begi mgongoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Pita ndani."

Samiha, mke wa Sabiri, alimtandikia godoro sebuleni bila kuuliza. Msichana alikula kidogo, akaosha vyombo vya nyumba nzima, na kila alfajiri alikimbia hadi ufukweni na kurudi. "Nikipata timu, nisije nikakuaibisha," alimwambia Sabiri. Kila aliposikia komeo la mlango likivutwa, Sabiri alijifunika shuka hadi kichwani.

Alikwenda kumwombea kwa Bi Leticia. Mara ya kwanza aliambiwa asubiri. Mara ya pili karani alisema mkuu amesafiri, na gari la mkuu lilikuwa limeegeshwa pale pale nje ya dirisha.

Ndipo simu ikaja kutoka chuo kimoja cha Morogoro. Aliyepiga alikuwa Asheri, mkuu wa michezo wa huko.

"Tunakuhitaji, kocha, lakini usije mikono mitupu. Njoo na yule winga wako, Hasina."

"Hasina nitazungumza naye. Ila nina beki hapa, mrefu, mtulivu. Nikuletee wote wawili."

"Mabeki tunao hadi wa kugawa. Nafasi ni moja, na ni ya winga. Kama haikufai, sema mapema tutafute kocha mwingine."

Sabiri alitoka uani. Ruthi alikuwa kwenye mbuzi, anakuna nazi, na Samiha anamcheka kwa kupeleka machicha hadi puani. Akawatazama. Akarudi ndani, akampigia Hasina.

Usiku Samiha alimwuliza, "Baba Tahiri, na huyu mtoto?"

"Nina watoto wa kulisha, mama Tahiri."

"Wako nawajua. Nimekuuliza huyu."

Sabiri akazima taa.

Asubuhi alimweleza Ruthi mwenyewe, bila kuzunguka. Ruthi alisikiliza hadi mwisho.

"Hasina anastahili," alisema. Kisha akauliza, "Mwalimu, mimi nilikosea wapi?"

Sabiri alizipitia mechi zote kichwani, moja baada ya nyingine, akitafuta kosa lolote la kumpa, angalau liwe na maana. "Hukukosea popote," alisema. Hapo ndipo msichana alipolia.

Alimpeleka Amani siku ya Jumapili. Noa alikuwa ametoka kanisani, bado amevaa koti. Sabiri alikuwa amepanga maneno njia nzima, lakini mzee alinyanyua mkono.

"Mama yake alikwenda kule kwenye uuguzi kuwauliza," alisema. "Nafasi hakuna." Akatazama barabarani. "Gari la kushuka huondoka mchana, mwalimu. Usije ukaachwa."

Mama yake Ruthi akamfungia iliki katika kipande cha gazeti, kama anavyofungiwa mgeni yeyote. Sabiri akapokea kwa mikono miwili. Ruthi alikuwa ameingia ndani na hakutoka kuaga.

Morogoro hakukuwa na baraka. Kabla msimu haujafika katikati, Hasina aliumia goti, na Asheri akaanza kuuliza ni lini kocha ataleta winga mwingine. Sabiri akawa anazunguka vijijini kila mwisho wa juma, akisimama kando ya viwanja vya vumbi, akitazama watoto wa watu.

Siku moja, akirudi kutoka mojawapo ya safari hizo, alipiga namba ya Ruthi. Akapokea mama yake.

"Amekwenda kuchuma chai," alisema. "Simu huiacha nyumbani."

"Hajambo lakini?"

"Hajambo."

"Bado anacheza?"



"Anacheza nini, mwalimu?"