Vyungu Viwili vya Leonida

Asubuhi ile niliamka na furaha ya kuudhi watu. Leonida, mke wa mwanangu Xavery, alikuwa katika mwezi wake wa kujifungua. Mjukuu wangu wa kwanza! Dawa ya kulainisha nyonga ilikuwa ikitokota kwenye chungu changu, majani niliyoyachuma mwenyewe kwetu Kansay, na kambi nzima ya shamba la kahawa pale Ganako nilishaitangazia: huyu atajifungua bila hata kupiga ukelele.

Tatizo lilikuwa mama yake, Hyasinta. Alipanda lori kutoka Singida na kifurushi cha mizizi, akainjika chungu chake kwenye mafiga ya pili kana kwamba jiko ni lake.

“Mama Xavery,” akaniambia, “hiyo yako inachangamsha tumbo tu. Yangu ndiyo inayofungua njia.”

“Njia ya kwenda wapi, Singida?”

Leonida alicheka mpaka akashika kiuno. Tangu alfajiri kilikuwa kinamvuta, kinaachia, kinamvuta tena. Alipotuambia hivyo tukazidi kupagawa, kila mmoja akakimbilia kikombe chake.

Lakini mama yangu, aliyenifundisha dawa, alinipa sharti moja: nisimpe mwanamke kikombe kabla sijalipapasa tumbo lake. Nikapaka viganja samli. Hyasinta naye akapaka vyake. Kumbe hata kwao ndivyo wanavyofanya! Tukapiga magoti, yeye upande huu, mimi upande ule.

Nilitafuta kichwa chini, sikukipata. Nikatafuta juu, karibu na mbavu, hakuna. Nikamtazama Hyasinta. Mkono wake ulikuwa umesimama ubavuni mwa binti yake na uso umemshuka. Akaushika mkono wangu, akauweka pale. Kichwa kilikuwa hapo hapo, kigumu, cha mviringo. Mtoto alikuwa amekingama.

Dawa ingemsukuma kwenda wapi, na mlango hajauelekea? Ingemuua, na mama yake pia.

“Mwaga,” Hyasinta akasema.

“Na wewe mwaga.”

Tukavimwaga vyungu vyote viwili uani, mbele ya majirani wale wale niliowatambia. Sikuwa na nafasi ya kuona aibu. Nilipiga kelele zikafika ofisi ya shamba, na Xavery akaja mbio na Landrova ya msimamizi. Njiani Hyasinta alimpakata Leonida kichwa, mimi miguu, na kila shimo la barabara tulilitukana pamoja.

Kule hospitali nesi alitukazia macho. “Nyie kina mama, mmempa dawa gani ya kienyeji? Semeni kweli.”

“Hajaonja hata tone!” tukajibu kwa mpigo, tena kwa majivuno, utadhani siku zote tulikuwa tukihubiri hivyo.

Wakampeleka chumba cha upasuaji. Tulikaa kwenye benchi, Hyasinta akinibana vidole mpaka vikafa ganzi, na mimi nikimwomba Mungu anipe wote wawili. Halafu kikasikika kilio, kikali, cha mtu aliyeudhiwa hasa. Hyasinta akanirukia shingoni, mimi nikamrukia, tukaanguka sakafuni tunacheka na kulia.

Nesi alitukuta huko chini.

“Ni msichana. Mama yake mzima. Bibi mmoja tu aingie kumpokea.”

Tulikwama mlangoni, sote wawili.