Kamba za Jiko la Kihonda

Maharage yaliiva saa tano kasorobo. Mwanvita akafunika masufuria, akaketi kumsubiri mgeni rasmi, maana katika jiko hilo la hisani la Kihonda hapakuliwi mtu kabla mgeni hajazindua chakula na kupiga picha na wenye njaa.

Saa saba Bibi Eufrazia akaanza kuinuka kutoka kwenye benchi. Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu juzi, na ukiwa mtupu kiasi hicho kwenye foleni ile, unaelea. Ndivyo ilivyo. Wiki iliyopita Castory, mbeba mizigo wa sokoni, ilibidi ateremshwe kwa ngazi kutoka paa la mashine ya kusaga.

"Shikamoo, bibi," Mwanvita alisema, akimdaka kisigino.

"Marahaba. Huku juu upepo wa mlimani una baridi, we acha tu."

Kilichomuuma Mwanvita ni kwamba jiko lenyewe alilianzisha bibi huyuhuyu, mwaka ule wa njaa, kwa mafiga matatu na debe la uji. Enzi hizo mtu alifika, akapakuliwa, akala, akaenda zake. Spika hazikuwepo. Wala hakuna aliyeelea.

Basi akachota upawa wa maharage, akamnyooshea. Bibi akameza kidogo, akashuka mpaka vidole vikagusa vumbi.

"We Mwanvita!" Mwenyekiti wa kamati ya jiko, Stephano, alikuja mbio, tai imemrukia begani. "Chakula hakijazinduliwa!"

"Mwenyekiti, bibi atatupotea huyu."

"Na itifaki je?" Akaunyakua upawa. Bibi akapanda tena.

Mgeni rasmi alifika saa nane na nusu, akahutubia saa nzima kuhusu kujitegemea. Alipofika katikati, watu kumi na saba walikuwa usawa wa bango la kumkaribisha lililotundikwa juu. Alifurahi kwelikweli. Alisema picha itatoka vizuri, hakuna anayemziba mwenzake.

Kamati ilikutana jioni ileile. Hotuba haikupunguzwa hata neno. Zilinunuliwa kamba, tena kamba za maana, nene, zenye jina la mfadhili, na Mwanvita akakabidhiwa kazi ya kufunga vifundo.

Jumatano iliyofuata, saa saba, mgeni bado yuko njiani. Mwanvita alisimama na kamba mkononi, roho ikimuuma.

"Mjukuu wangu," Bibi Eufrazia aliita kutoka juu, "maharage yameiva?"

"Tangu saa tano, bibi."

"Haya. Basi nifunge vizuri."