Boksi la Kuombea Radhi

Mteja akiingia amekunja uso, Hatsue, mwenzangu wa kaunta, anabanwa na haja. Sijui tumbo lake linaelewana vipi na mlango wa duka, lakini tangu niajiriwe kaunta ya malalamiko sijamwona akipokea hata lalamiko moja. Mambo yakishapoa anarudi, anatafuna biskuti za ofisi, kisha ananiambia, "Pole, mdogo wangu. Kazi ndiyo hiyo."

Aliyemkimbiza kuliko wote ni Mzee Torigoe. Mtu msafi, koti limenyooshwa pasi, sauti ya chini. Alikuja karibu kila alasiri. Leo keki ya maharage imepasuka ukingoni. Kesho nimempa chenji kwa mkono mmoja. Keshokutwa nimeinama, sawa, lakini nimeinamisha shingo tu.

"Unaitwa nani?" aliuliza kila mara, na jina langu liko kifuani.

"Wakui, mzee."

"Wakui," alirudia polepole, kama anayeonja mchuzi. Nilichukia kulisikia jina langu mdomoni mwake.

Siku moja nilitabasamu. Basi. Nilifundishwa kutabasamu, nikatabasamu, akasema nimemcheka. Meneja Nogaki akaitwa, akainama mpaka nikauona upara wake wa utosini. Mzee hakupandisha sauti. Alitaka aombwe radhi nyumbani kwake, Alhamisi, kama inavyostahili.

Kwetu hilo halina mjadala. Mnavaa suti nyeusi, mnafunga boksi la keki kwa kitambaa cha zambarau, mkosaji na bosi wake wanakwenda pamoja. Mkataba wangu ulikuwa unakaribia kuisha, mama yangu mgonjwa ananitegemea mimi, na wa kuurefusha ni Meneja. Nikaenda.

"Usijitetee," aliniambia njiani. "Nikiinama, inama. Usinyanyuke mpaka ninyanyuke."

"Akiniuliza kosa langu?"

"Sema umekosa."

"Nimekosa nini, bosi?"

"Wakui, nakuomba. Usiniharibie."

Mzee anaishi peke yake, lakini mlangoni pake zilipangwa ndara za kike, jozi kadhaa, zimelika visigino. Alinisogezea za kijani kwa ncha ya fimbo. Zilikuwa bado zimeshika umbo la miguu ya mtu.

Chumbani nikakosa pumzi. Maboksi ya keki yalipangwa toka sakafuni hadi darini, hakuna hata moja lililofunguliwa utepe, na harufu ya sukari iliyooza imejaa kote. Ukuta mmoja mzima ulikuwa wa maboksi yenye karatasi ya duka letu. Nikamtazama Meneja. Hakushangaa. Alikwenda moja kwa moja akaliweka boksi letu juu ya mengine, bila kuonyeshwa pa kuliweka.

Tulipiga magoti, tukainama mpaka vipaji vya uso vikagusa mkeka.

"Sina ugomvi na duka," mzee alisema juu ya vichwa vyetu. "Ila huyu hajui kuinama. Aje Alhamisi ijayo. Peke yake. Na inayofuata. Nitamfundisha."

Nilimsubiri Meneja aseme neno. Moja tu lingenitosha. Niliona sikio lake likiwa jekundu.

"Atakuja," akasema.

Alhamisi iliyofuata Hatsue ndiye aliyenifungia boksi. Mikono yake ilikwenda haraka, haikutafuta pa kukunja.

"Zile ndara za kijani bado zipo?" aliuliza bila kuinua uso.

Nikamgeukia.

"Vaa hizo hizo. Hazitelezi."

"Dada Hatsue, anafanya nini yule mzee?"

"Hakugusi. Unainama, anakutazama. Anasema bado, unainama tena, mpaka dirisha liwe jeusi." Akakaza fundo. "Siku asiposema kitu ndiyo mbaya zaidi."

"Sasa wewe uliachaje kwenda?"

"Ulikuja wewe," akasema, akanipa boksi kwa mikono miwili.

Nilikwenda. Nikaenda tena, na tena. Mkataba ukarefushwa. Sasa najua kuinama vizuri mno. Hata nyumbani, mama akiniita, mgongo unatangulia kabla sijaitika. Namchukia Torigoe, namchukia Nogaki zaidi, na Hatsue nilidhani sitamsamehe kamwe.

Masika yalipofika wakaletwa wafanyakazi wapya. Wa kwetu anaitwa Chihaya. Anasalimia kila mtu, na anatabasamu meno yote nje.

"Dada Wakui, nifundishe basi," aliniambia. "Nisije nikakuaibisha."

Nilitaka kumwambia afiche meno. Hapo ndipo mlango ulipofunguka, nikaliona lile koti lililonyooshwa pasi, na Mzee Torigoe akasimama mbele ya kaunta. Hakunitazama mimi. Alikuwa anasoma jina kifuani kwa Chihaya.

Tumbo likanikata ghafla.

"Shika kaunta, mdogo wangu," nikamwambia. "Nakuja sasa hivi."