Sili wa Aalasi

Nilimkokota sili wangu wa kwanza, yule mnyama mnono wa bahari ya barafu, katikati ya kijiji nikiwa na miaka thelathini na mmoja, na kila dirisha lilikuwa na uso. Kwetu sili wa kwanza huuawa na mtoto wa miaka minane, tisa. Pikipiki ya theluji ilikuwa imenizimikia karibu na kanisa, kwa hiyo kamba ya sleji, kile kigari cha kuteleza kwenye theluji, niliipitisha kifuani nikavuta mwenyewe, jasho likigandia kwenye nyusi. Mlangoni pa duka mjomba wangu alinivulia kofia.

"Siasi, huyo umemuua au amekufa kwa uzee akikusubiri?"

"Muulize mwenyewe, Mjomba. Si mna umri mmoja?"

Watu walicheka, nami nikacheka, maana siku ile hapakuwa na neno la kunichoma. Hatua ishirini nyuma yangu alikuja baba, ameinamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Yeye hakucheka. Alijua ninakoelekea.

Sili yule hakuwa wangu. Windo la kwanza ni la mkunga aliyekukata kitovu, lote zima, na mkunga wangu ni Aalasi. Alinipokea ndani ya hema, kwenye kambi ya samaki, akaninong'oneza sikioni niwe mtu wa namna gani. Tangu hapo mimi nilimwita Fundi, naye akaniita Kazi ya Mikono Yangu. Utotoni nilishona glavu yangu ya kwanza, mbaya kweli, kidole gumba kikiangalia kwingine, nikampelekea. Aliivaa msimu mzima wa baridi bila haya.

Lakini sasa ilikuwa imepita miaka tisa hajavuka kizingiti chetu, wala sisi chake.

Mwanawe Tamusi na baba yangu, ingawa baba alimzidi umri, walikuwa chanda na pete. Mwezi wa tano, mwaka ule, walitoka pamoja kwenda Pasipoganda, mahali ambapo mkondo wa bahari huila barafu kwa chini mwaka mzima, na ndiyo sababu sili wanapapenda. Baba akarudi peke yake. Alikwenda moja kwa moja kwa Aalasi, nguo zimemgandia mwilini, akasimama jikoni kwake akaeleza jinsi barafu ilivyommeza Tamusi. Yule mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akatazama nje kwenye sleji.

"Mliondoka watu wawili na bunduki mbili," alisema. "Umerudi na bunduki mbili."

Baba hakujibu. Hakujibu siku ile wala baadaye, hata watu walipomuuliza ilikuwaje Tamusi akawa mbele. Kwetu marehemu hatwishwi lawama. Baba aliacha kuwinda. Mtu aliyelijua kila jiwe la pwani ile kwa jina, na kila jina kwa kisa chake, akawa wa kukaa dirishani akitengeneza redio za watu. Mimi wakati huo nilikuwa kusini, ofisini, nakula kuku wa kwenye boksi. Niliporudi nikamkuta vile niliumia, kisha nikakasirika, na hasira ndiyo iliyonifaa zaidi.

"Nifundishe," nilimwambia.

"Umeshazeeka wewe."

"Basi nifundishe upesi."

Hakukubali kunipeleka baharini. Alinipeleka ziwani, nyuma ya kijiji, misimu miwili ya baridi mfululizo, na mkuki wa chuma mkononi. Piga, sikiliza, songa hatua moja. Piga, sikiliza, songa. Watoto walitupita wakiteleza, wakiniuliza kama nina mpango wa kufika ng'ambo kabla sijafa. Siku aliponifunga macho kwa skafu nami nikamtajia unene wa barafu kwa mlio wa mkuki tu, ndipo aliponipa bunduki yake. Hakuniambia niende wapi. Aliniambia sili wako wapi, akarudi dirishani kwenye redio zake.

Niliporudi na windo, mama alinivuta pembeni. "Aalasi akikuuliza, sema umempata Rasi ya Mafigo," alisema. "Si kwamba Mafigo hakuna sili. Hautakuwa uongo mkubwa."

Nilikuwa na mengi ya kupoteza. Windo la kwanza likikataliwa, mkono wa mwindaji hubaki mzito. Wanyama husikia, na watu nao husikia, na hakuna atakayekupa nafasi kwenye boti lake. Nilikuwa nimeacha kazi, nimeacha nyumba, nimeacha na mwanamume mmoja mwenye meno mazuri, nije niishi kwa ardhi hii na bahari yake kama walivyoishi walionizaa. Zaidi ya hayo, nilitaka baba yangu atoke pale dirishani. Yote hayo yalikuwa nyuma ya mlango mmoja.

Kwetu hatupigi hodi, mtu huingia tu. Mimi nilipiga.

"Nani huyo anagonga kama polisi?"

"Kazi ya mikono yako, Fundi."

"Ipi? Nina kazi nyingi kijijini hapa, nyingine zimepinda."

"Iliyochelewa."

Mlango ukafunguka. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Aliniangalia, akamwangalia sili, akapitisha macho juu ya bega langu hadi kwa baba aliyesimama kando ya sleji, kisha akayarudisha kwangu.

"Nilidhani nilikutoa bila mikono," alisema. "Ulimnywesha?"

"Niliyeyusha theluji kinywani mwangu, nikamtilia kinywani mwake, asiondoke na kiu."

"Ulimpata wapi?"

Mafigo ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. "Pasipoganda," nikasema.

Alishika ubao wa mlango. Nilidhani anaufunga.

"Upepo?"

"Wa baharini. Wa nchi kavu ungenichukua na barafu yake, nisingetoka."

"Barafu?"

"Ukingoni, unene wa kiganja. Nilipiga mkuki kila hatua."

"Kila hatua? Nani kakufundisha uzee huo?"

"Baba. Ziwani, miaka miwili."

Macho yake yakarudi juu ya bega langu.

"Alimfundisha na Tamusi hivyohivyo," alisema hatimaye, na hakuwa akisema na mimi. "Toka mdogo. Mwanangu alikuwa hapigi. Alikuwa anatembea tu, anaimba."

Nyuma yangu nilisikia theluji ikilia chini ya viatu vya baba.

"Muingize huyo mnyama," Aalasi akaniambia. "Unanijazia baridi ndani."

Nilitandaza maboksi sakafuni jikoni, nikamvuta sili juu yake. Fundi alimzunguka, akambonyeza mafuta, akasema ana afya kuliko aliyemleta. Kisha, na miaka yake themanini na moja, na magoti yaliyokwisha, akafanya lile ambalo mkunga hufanya na ambalo sikuthubutu kulitarajia. Alijilaza chini akajiviringisha, mara moja, mara mbili, hadi kwenye jiko, akibweka kama sili dume, gauni likipanda juu ya soksi za sufu. Aliushangilia mkono wangu, akauambia usipungukiwe. Siku hizi nami hukata vitovu, nimeshaviringika sakafuni mara sita, na sijafikia hata nusu yake. Nilicheka mpaka nikatokwa machozi, na yalipoanza kutoka hayakuwa tena ya kicheko.

Alipomaliza hakuweza kuinuka. Nikainama kumsaidia, akanipiga kofi mkononi.

"Si wewe. Wewe umeshamvuta mmoja leo." Akageuza uso kuelekea mlango ambao hatukuwa tumeufunga. "Jusipi. Utasimama huko mpaka kiangazi? Njoo uninyanyue."

Baba aliingia. Alivua glavu, moja, ya pili, akazitazama kama hajui pa kuziweka, akaziacha zianguke. Alipiga magoti, akapitisha mikono chini ya makwapa yake, akamwinua polepole mpaka akasimama. Kisha akaanza kurudi nyuma.

"Usiniachie kwanza," Aalasi alisema, amemshika viwiko. "Miguu haijarudi."

"Sikuachii, Mama."

Miguu ilikuwa imerudi kitambo. Niliiona, imekanyaga sawasawa. Nikaketi kando ya sili, nikanoa kisu cha mwenye nyumba, kisha nikakinoa tena.