Utumbo Uliogoma Kuamka

Usiku wa kuamkia leo niliota utumbo wangu umetoka tumboni, umejilaza kwenye kitanda kitupu cha jirani na kujifunika shuka la hospitali.

Sikushangaa. Tangu nipasuliwe kidole tumbo, daktari amekuwa akisema utumbo wangu bado umelala, na usipoamka kufikia asubuhi narudishwa chumba cha upasuaji. Sista Felista naye kila akipita huniuliza, wodi nzima ikisikia, kama nimejamba. Kujamba ndiyo dalili ya utumbo kuamka; asiyejamba hapewi uji. Mimi ni mshairi. Nilimjibu kwamba mtu anayeghani mbele ya umati haulizwi mambo hayo.

Basi ndotoni nauamsha kwa beti zangu bora. Utumbo unageukia ukutani.

Kwenye kigimbi changu limekaa bonge la damu, limepakata begi. Linauliza kwa adabu kama nina mpango wa kuendelea kulala, maana linasafiri kwenda mapafuni. Naanza kutembea. Linanung'unika kwamba nimelivurugia safari, linashuka.

Mara wodi ni ukumbi wa harusi. Nyuzi za mshono wangu zimekaa mstari wa mbele, zimeshikana mikono kwa hofu. Bibi harusi ananikabidhi kipaza sauti. Utumbo umeletwa jukwaani na kitanda chake.

Nauambia utumbo kwamba tukirudishwa chumba cha upasuaji, tunapasuliwa wote.

"Mimi niliamka tangu jana," unasema bila kufumbua macho. "Upepo nimekuletea hadi mlangoni, wewe umebana. Eti washairi hawajambi."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Kaka, hawa wamekuja kusikia kilichomo ndani yako."

Nakumbatia mto juu ya kidonda kama nilivyofundishwa, nainama kwa heshima, kisha nasogeza kipaza sauti mahali panapohusika.

Wanasimama wote. Vigelegele havikatiki.

Nikaamka. Mzee Kilindo, mgonjwa wa kitanda cha pili, alikuwa ameacha kitanda chake, dripu yake mkononi, anahangaika kufungua dirisha. Sista Felista alikuwa anakuja na kikombe cha uji. Safari hii hakuniuliza kitu.

"Mwongezee sukari, sista," alisema mzee, kichwa akiwa amekitoa nje. "Kijana ameghani mpaka ubeti wa mwisho."