Malaika wa Consolate

Jumamosi ya mazoezi, Mama Domitille, mkubwa wa kamati ya liturujia, aliwapanga waimbaji kwa sura. Wenye kupendeza aliwaweka karibu na altare. Consolate alimwelekeza nyuma ya nguzo.

Consolate aliuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni. Mwaka uliopita petroli ya mtumbwi wenye mota ilishika moto pale ufukweni, ikamla uso kuanzia sikio la kushoto hadi kidevuni.

"Hatukufukuzi, mama," Domitille alimwambia. "Abbé paroko njo anafundisha hivi: uzuri unapeleka watu kwa Mungu. Wakikuona weye, wataangalia chini."

Consolate akaenda nyuma ya nguzo. Malaika wake mlinzi alikuwa amekwisha kusimama pale.

Kila mtu ana wake. Hilo wote walilijua tangu katekisimu. Huyu alionekana, basi. Alikuwa mrefu, mabawa ameyakunja kwa ajili ya ufinyu wa nafasi, na alikuwa mzuri hata kitoto kilichokuwa kinalilia titi kikanyamaza. Alimtazama Consolate peke yake. Domitille alimkagua kuanzia juu hadi chini, kisha akasema mabawa kama yale yangefaa mbele.

Malaika hakwenda. Alikaa alipokuwa Consolate. Kwa hiyo Jumapili walimficha Consolate sakristia, ili malaika asimame mlangoni, upande wa altare. Lakini malaika humtazama anayemlinda, na misa nzima waumini waliona mgongo. Walilalamika. Abbé Onésime, paroko, alifikiri wiki nzima, akamwagiza Israël, seremala, atengeneze sanduku la mbao. Wakaliweka mbele ya benchi la kwanza, wakalifunika kitambaa cheupe chenye maua juu. Consolate alichuchumaa ndani. Malaika alisimama altareni akilitazama sanduku, na kila aliyeketi kanisani alidhani anatazamwa yeye.

Watu walilia. Wanaume walioacha kusali tangu vita walirudi. Abbé alihubiri kwamba uzuri ni mng'ao wa ukweli, na kwamba moyo unaoguswa na uzuri umekwisha kuguswa na Mungu. Consolate alimsikia vizuri, shingo imepinda. Wakati wa komunyo Abbé aliinua kitambaa kwa vidole viwili, akapitisha hostia bila kuinama.

Jumapili moja Consolate hakwenda. Malaika alibaki naye nyumbani, katikati ya mabeseni ya ndagala. Kabla ya misa kuanza, kamati ilibisha hodi.

"Unafungia watu baraka," Domitille alisema. "Wengine wametoka Manono na pikipiki, mama, vumbi mpaka kwenye meno. Wanakuja kumuona."

"Na miye wananiona?"

"Wakuone weye kwa nini?" Domitille hakusema kwa hasira. Aliuliza tu.

Consolate akamgeukia malaika. "Na weye unasema nini?"

"Mimi ninakutazama," malaika alijibu.

"Na hawa je?"

"Hawa wana malaika wao."

Consolate akafunika mabeseni, akajifunga kitenge, akawafuata.

Baadaye zilianza ndoa. Hakuna bibi harusi aliyetaka kuolewa bila malaika. Glodie, binti wa Domitille, alikuja na mama yake siku moja kabla ya ndoa, akaona kwamba gauni lake halitapita kati ya sanduku na benchi. Israël akatengeneza sanduku lingine, jembamba. Consolate aliingia kulijaribu. Alitanguliza mabega, akavuta miguu, akabana magoti kifuani hadi kovu la kidevu likagusana nayo. Malaika alisimama mbele yake akimtazama, mzuri kama siku zote, na Glodie akajiweka kati yao ajaribu shela.

"Magoti yanaenea humo ndani?" Israël aliuliza.

"Yanaenea," Consolate alijibu kutoka ndani.

Israël akashusha kitambaa.